Shajara ya mradi: kinasa sauti Darasa la Pili B, Muheza, 2025

Januari, wiki ya kwanza ya masomo

Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyouzaa mradi. Darasa la Pili B lina watoto 96. Kipindi cha Darasa la Pili ni dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti dakika moja tu, bila kumsahihisha, bila kuamua ugomvi wa penseli kule nyuma, vipindi vitatu vinaisha na bado wapo ambao hajawafikia. Kesho yake ana mambo mengine ya kufundisha. Ndiyo maana tunasomesha kwa pamoja, ba be bi bo bu, sauti inafika barabarani, na ndani ya sauti hiyo mtoto anaweza kumaliza mwaka akifungua mdomo tu.

Wazo lenyewe ni dogo: mtoto asome, kishikwambi kinase, mwalimu asikilize baadaye. Hakuna programu ya kununua. Kinasa sauti kimo humohumo ndani na hakili bando.

Vishikwambi ni vya walimu. Vilitumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Hapa kwetu vinajaza mahudhurio kwenye SIS, mfumo wa taarifa za shule, vinasomea MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jioni vinaangalia mpira. Walimu watano wamekubali kuviazima kila asubuhi, kwa sharti lililotamkwa na mwalimu wa Hisabati mbele ya wote: kikirudi na unga wa chaki kwenye tundu la chaji, mradi umekwisha.

Fedha hakuna. Ruzuku ya uendeshaji iliyokuja na elimu bila malipo mwaka 2016 ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake 4,000 ni za vitabu ambazo hazipiti kwenye akaunti ya shule. Zinazobaki zina wenyewe: chaki, mitihani, ukarabati, LUKU. Kwa hiyo kila kitu humu lazima kiwe cha bure au kiwe kimeshalipiwa na mtu mwingine. Kijana mmoja aliyesoma hapa, sasa yuko Dar, ametuletea Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, pamoja na ruta aliyokuwa ameiacha kabatini. Hivyo vitatumika kuhifadhi sauti, na baadaye, tukiweza, mambo mengine.

Mwalimu Mkuu ameuliza swali moja tu: "Hiki sasa kitakuwa kipindi cha TEHAMA au cha Kusoma?" Nimemjibu kwamba ni Kusoma na ratiba haiguswi. Akasaini.

Mwalimu wa IIB, ambaye wote tunamwita Madam hata sisi aliotufundisha wenyewe humu humu, alisikiliza mpango wote bila neno. Mwisho akauliza: "Na hizo dakika 96 atazisikiliza nani, mwanangu?" Nikasema tutagawana. "Tutagawana," akarudia, akaendelea kusahihisha madaftari.

Januari, mwishoni

Tumelipata jibu la swali lake, na amelipata yeye. Si lazima wote wasome siku moja. Vishikwambi vitano, watoto wanne kwa kila kimoja, watoto 20 kwa siku. Ijumaa darasa zima limeshasoma, na kwake ni kama dakika 20 za kusikiliza kila jioni. Anasema hizo anazo, maharage yakiwa jikoni.

Watu kadhaa wameniuliza kama huu ndio "ule mradi wa Tanga". Sio, lakini naelewa kwa nini wanauliza. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, mkoa wetu ulikuwa uwanja wa majaribio wa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yenye zawadi za dola milioni 15. Watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi aina ya Pixel C vilivyotolewa na Google, kila timu kati ya tano zilizofika fainali ikiwa imetengeneza programu yake ya Kiswahili ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. UNESCO na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walishiriki pamoja na Serikali, na vijijini vikafungwa vituo vya umeme wa jua vya kuchajia. Kwa taarifa ya waandaaji, asilimia 74 ya watoto wale hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Majaribio yalipoisha, kundi hilo la pili lilikuwa limepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili kati ya hizo, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na programu zote tano zikaachwa huria, yeyote azichukue.

Nimezitazama hizo programu. Ni nzuri. Lakini swali lao lilikuwa tofauti na letu. Pale kila mtoto alikuwa na kishikwambi chake na hakuwa na mwalimu. Hapa mwalimu yupo, amesomea, ana miaka mingi kazini; anachokosa ni sikio la pili. Kuchukua vishikwambi vitano na kuvizungusha kwa watoto 96 ili kila mmoja ajifunze peke yake ni kumpa kila mtoto dakika chache za kugusa kioo kwa wiki. Sioni faida yake. Mwenye shule yenye chumba kizima cha vifaa atasema vingine, na atakuwa sahihi kwake.

Februari, wiki ya kwanza ya kurekodi

Mahali pa kurekodia limekuwa jambo kubwa kuliko kifaa. Ndani ya darasa haiwezekani. Kinasa sauti hakijui kuchagua, kinakamata wote 96. Tumegawa vituo vitano: chini ya mwembe, barazani kwa ofisi, nyuma ya stoo, karibu na tangi la maji, na kwenye mlingoti wa bendera. Watoto wanne wanatoka na kishikwambi na kifungu kilichochapwa kwa herufi kubwa. Waliobaki wanaandika.

Kujifunza kubonyeza kitufe chekundu kulichukua asubuhi moja, na walimu tuliokuwa na wasiwasi tulibaki tunatazamana. Shida ilikuwa jina la faili. Mtoto wa Darasa la Pili hawezi kuchapa jina lake kwenye kishikwambi, na nikiwaandikia mimi siku imeisha. Madam akasema, "Si aseme tu?" Kwa hiyo kila rekodi inaanza hivi: jina, namba ya mahudhurio, ndipo kusoma. Dakika moja ni kama megabaiti moja, haina uzito wowote.

Siku ya kwanza kila mmoja alisikilizishwa sauti yake mara moja. Binti mmoja, mdogo wa umbo, wa safu ya mwisho, alisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kishikwambi kwa mikono miwili na kusema, "Madam, huyu si mimi." Madam akamuuliza ni nani basi. "Huyu anasoma polepole." Akaomba arudie. Akasoma tena, safari hii kwa kasi ya ajabu, akiruka maneno. Wenzake watatu wakamwambia ameruka. Wakabishana, wakarudi kwenye karatasi, kidole kwa kidole, kutafuta neno lililorukwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya ofisi na sikutia neno. Watoto wanne wa Darasa la Pili wakisomana na kusahihishana bila mwalimu: hilo halikuwa kwenye andiko la mradi, nimeliongeza kwa kalamu.

Februari, mwishoni: mambo ya mitambo

Wasiopenda waya waruke.

Sauti zinatoka kwenye vishikwambi kwenda kwenye Pi kwa njia ya ruta, bila intaneti. Mwanzo niliiachia Pi yenyewe irushe waifai, na kwa vishikwambi vitano ilitosha. Nilipojaribu kuongeza vya walimu wengine ili waangalie video, ikaanza kugoma. Antena yake ni ndogo na haikuundwa kwa umati. Ruta ya zamani ikachukua kazi hiyo na tatizo likaisha. Anayetaka kufanya kitu kama hiki asitupe ruta kuukuu.

Umeme ni habari nyingine. Pi haipendi kuzimwa ghafla, kwa kuwa mfumo wake wote unakaa kwenye memori kadi, na umeme ukikatika inapoandika, kadi inaweza kuharibika. Yetu iliharibika. Sauti za wiki nzima zikaenda. Sasa inakula umeme kupitia pawabenki, lakini si kila pawabenki inafaa: nyingi ukizichomeka au kuzichomoa ukutani hukata kidogo, na kukata huko kudogo kunatosha kuizima Pi. Ya tatu tuliyojaribu haikati. Kila Ijumaa nakopi kila kitu kwenye fleshi.

Kisha saa. Pi ya aina tuliyonayo haina betri ya kutunza saa. Ikiwaka huuliza wakati kwenye intaneti, na isipoipata huendelea na saa iliyokuwa nayo ilipozimwa. Rekodi za Jumanne zilikuwa zinajiandika Ijumaa ya wiki iliyopita. Kwa Madam haikuwa shida, ana daftari lake. Kwangu ilikuwa balaa, kwa kuwa nilitaka kupanga faili kwa tarehe. Dawa yake ni kibao kidogo cha saa kiitwacho DS3231, chenye betri ya mviringo kama ya kikokotoo. Kijana wetu wa Dar amekituma kwa basi.

Machi

Ramadhani imeingia, na masika inabisha hodi. Watoto wengi wa hapa wanafunga, hata wale ambao hawajatakiwa bado. Saa nne mdomo umekauka na sauti haitoki. Tumehamisha kurekodi kuwa jambo la kwanza asubuhi.

Mvua hatukuwa na jibu lake. Vituo vya nje havitumiki, na ndani bati linapiga kelele kiasi kwamba hata kufundisha kwenyewe kunasimama, watoto wanafunga madaftari na kusubiri. Nimejaribu kuweka kishikwambi ndani ya boksi lenye kitambaa, mtoto akisomea mdomoni pa boksi. Inasaidia manyunyu. Mvua ya kweli haisaidii. Wiki mbili za mwisho wa mwezi zina rekodi chache sana, na nimeziacha hivyohivyo kwenye jedwali badala ya kuzijaziajazia.

Aprili

Hili ndilo nililotaka kufika.

Madam alinisimamisha getini asubuhi. Sijamaliza kusema shikamoo, akanipa kishikwambi. "Sikiliza huyu. Sasa huyu. Sasa na huyu." Kifungu cha wiki kilikuwa na sentensi isemayo mama anachota maji kisimani. Mtoto wa kwanza wa kituo cha mwembe alisoma "mtoni". Wa pili, "mtoni". Wa tatu na wa nne, vilevile. Wanne wote wakisoma kwa madaha, bila kukwama, na wote wakiwa wamechota maji mtoni.

Hawakuwa wanasoma. Wa kwanza alikisia, kwa kuwa alishaona "mama", "maji", na kwao maji yanachotwa mtoni. Waliofuata walikuwa wanamsikiliza yeye na kukariri. Kifungu kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kwa hiyo ifikapo Ijumaa kilishaimbwa mpaka nyumbani.

Tukarudi nyuma na kusikiliza rekodi za Machi kwa sikio hilo jipya. Yumo kijana ambaye kwenye daftari la Madam alikuwa na alama nzuri tangu Darasa la Kwanza. Tulimwita, tukampa kifungu ambacho hajawahi kukiona. Alikishika vizuri, akakitazama, akaanza kwa sauti kubwa kusimulia hadithi nzuri kabisa ambayo haikuwemo kwenye karatasi. Ana kumbukumbu ya ajabu huyu mtoto. Herufi anazijua zote. Kuziunganisha ndiko hakujui, na kwa miaka miwili masikio yake yamemficha.

Ningependa wanaopanga mafunzo ya TEHAMA kwa walimu wasikie jambo hili moja kabla ya kutufundisha kutengeneza slaidi. Kusoma kwa pamoja kunamficha mtoto wa namna hii. Daftari halimwoni. Hata kusoma mbele ya darasa hakumwoni, kwa kuwa anapoitwa ameshawasikia watatu. Rekodi nne zilizopangwa mfululizo, zikisikilizwa na mwalimu aliyetulia nyumbani kwake, zilimwona kwa dakika nne.

Tulichobadilisha: vifungu vitano tofauti kila siku, kila mtoto wa kituo na chake, na kimoja cha akiba. Kuandika vifungu vingi hivyo ni kazi, na hapo ndipo hifadhi za hadithi huria zilipotufaa. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, fupi, na leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno. Nilizipakua nilipokwenda mjini penye mtandao wa maana, Madam akazipunguza na kuzipanua. Nyingine anatunga mwenyewe. Moja inahusu mwalimu wa Hisabati na unga wa chaki.

Mei, mkutano wa wazazi

Ajenda ilikuwa chakula cha mchana, ukuta wa choo, na "mengineyo". Sisi tulikuwa mengineyo.

Tulihitaji idhini. Sauti ya mtoto yenye jina lake ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuziacha shule nje. Tumeandika barua ya ukurasa mmoja: sauti zinakaa shuleni, hazipandishwi mtandaoni, haziingii kwenye makundi ya WhatsApp hata yakiwa ya walimu, na zinafutwa mwisho wa mwaka isipokuwa mzazi akitaka kopi.

Babu mmoja akasimama na bakora yake. "Mwalimu, sisi nyumbani tunawanyang'anya simu hawa, na sheria ya shule mwanafunzi asije na simu. Leo ninyi ndio mnawapa?" Ukumbi ukacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Nilitaka kueleza tofauti ya kishikwambi na simu. Madam akaniwahi. Hakueleza chochote. Alimwita mama wa yule binti wa "huyu si mimi", akamwomba ruhusa, akacheza rekodi ya Februari, kisha ya wiki iliyopita. Sekunde thelathini, sekunde thelathini. Babu akakaa. Akasema kutoka pale alipokaa, "Basi na wangu mumrekodi, lakini akishamaliza mkinyang'anye."

Barua zimerudi karibu zote. Wazazi wawili wamekataa na watoto wao wanasomea mbele ya Madam ana kwa ana, jambo ambalo sasa linawezekana kwa sababu ni wawili.

Julai

Shule zimefunguliwa na msimu wa machungwa umepamba moto. Anayeijua Muheza anajua maana yake kwa mahudhurio.

Tumesikiliza upya rekodi zote za muhula kwa jambo moja tu: nani anashika kifaa. Kila rekodi ina sekunde chache za mwanzo kabla ya mtoto kusema jina, na ndani yake unasikia yote. "Lete." "Bado." "Wewe hujui kubonyeza." Katika vituo vyenye wavulana na wasichana, sauti ya anayebonyeza ni ya mvulana karibu kila mara, na wasichana wanasoma wa mwisho, muda ukiwa umekwisha, ndiyo maana rekodi zao zilikuwa fupi. Sisi tulidhani wanasoma kidogo. Sasa mshika kishikwambi anaandikwa kwenye karatasi ya kituo, kwa zamu, na anayesoma wa kwanza leo anasoma wa mwisho kesho.

Jingine tulilolisikia ni matamshi. "Selasini", "zahabu", "gali", "zambi". Darasa zima. Nikaanza kuandika mpango wa mazoezi ya th, dh na gh, Madam akacheka mpaka akatoa miwani. "Hayo hawakuyaokota porini. Pita madirishani usikilize." Nikapita. Nusu ya walimu, na wazuri, wanahesabu "ishirini na tisa, selasini". Sidhani kama ni jambo la kumfukuzia mtu. Mtoto anayetamka "selasini" na kuandika thelathini anajua kusoma. Katika kuhesabu maneno sahihi tumekubaliana kutomkata mtoto alama kwa tamshi la kwao, maadamu neno ni hilohilo. Mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Sita hakubaliani nasi kabisa na mjadala unaendelea kila chai ya saa nne.

Agosti

Kwa kifupi, upande mwingine wa mradi. Kwenye Pi tumeweka Kolibri, mfumo wa bure uliotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, na ndani yake masomo ya Khan Academy yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili na vipindi vya Ubongo Kids, ambavyo watoto wetu wengi walishaviona kwenye televisheni ya jirani. Darasa la Tano wanavitazama kwa projekta kwenye Sayansi na Hisabati. Wanavipenda. Projekta inahitaji chumba cha giza na madirisha yetu hayana mapazia, kwa hiyo wanaona vizuri siku za mawingu. Mwalimu wao husimamisha video kila baada ya dakika mbili au tatu na kuuliza maswali, na hapo ndipo inapofaa. Ikiachwa ikimbie yenyewe, wanacheka panapochekesha na basi. Sina zaidi ya hayo ya kusema bado. Kibao cha saa kinafanya kazi.

Maktaba Mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, ni msaada mkubwa kwa maandalio ya walimu, hasa pale kitabu cha kiada ni kimoja kwa watoto wengi, ila inataka bando na bando ni la mfukoni mwa mwalimu. Nimewapakulia wenzangu kile kinachoruhusiwa kupakuliwa.

Kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya walimu wa kata, Madam aliwasilisha habari ya kisimani na mtoni. Alipewa dakika kumi, akachukua nusu saa, hakuna aliyemkatisha. Shule mbili za jirani zimeanza, moja kwa simu ya mwalimu mwenyewe. Hawana Pi wala ruta, na nimewaambia hawavihitaji. Kinasa sauti, daftari la mistari na vifungu vinavyobadilika vinatosha kuanza. Hivyo vingine vyote ni vya watu kama mimi wanaopenda waya.

Septemba

Wiki ya mtihani wa Darasa la Saba madarasa ya chini yalikaa nyumbani, na tulitumia nafasi hiyo kukaa na daftari la Madam tangu Februari.

Yule kijana mwenye kumbukumbu sasa anasoma. Polepole, kwa silabi, mbwa na nywa na chwa zinamtoa jasho, lakini anasoma kilichoandikwa. Alama zake kwenye daftari zimeshuka kutoka zile za uongo hadi hizi za kweli, na Madam ameziandika kwa wino wa kijani ili mwalimu wa Darasa la Tatu asije akadhani mtoto amerudi nyuma. Wako wengine wa aina yake, zaidi ya tulivyotarajia. Wapo pia ambao rekodi zao za Septemba hazina tofauti na za Februari, na kwa hao kurekodi hakutoshi. Kunatuonyesha tu tatizo liko wapi. Wawili tumewaombea wazazi wawapeleke kupimwa masikio, mmoja macho.

Kilichobadilika kwa Madam mwenyewe ni hiki: haingii tena darasani na somo moja la kusoma. Jumatatu ana orodha ya silabi zilizowashinda wengi wiki iliyopita, na hizo ndizo anazofundisha. Wanaozijua anawapa hadithi wakasomeane.

Afisa Elimu Kata alikuja na fomu ya taarifa za TEHAMA. Ina nafasi ya idadi ya kompyuta, vishikwambi, projekta, na kama intaneti ipo au haipo. Nikajaza. Nikamwomba niandike pembeni kwamba kila mtoto wa IIB anasikilizwa na mwalimu wake akisoma peke yake angalau mara moja kwa wiki. Akasema hakuna mahali pa kuliweka hilo, kisha akageuza karatasi na kuniambia niandike nyuma.

Yaliyobaki kabla ya kufunga shule: kukusanya majibu ya wazazi wanaotaka kopi, kufuta zingine zote mbele ya Mwalimu Mkuu, kumfundisha mwalimu wa Darasa la Tatu, ambaye atawapokea Januari na anasema ana watoto wengi kuliko hao 96, kutafuta pawabenki ya akiba. Na Madam anakaribia kustaafu, kwa hiyo daftari lake nimeanza kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Jumatatu tunaanza na IIA. Vishikwambi ni vinne kwa sasa, kwa kuwa cha mwalimu wa Hisabati kiko kwa fundi. Tundu la chaji. Anasema si chaki.